HAKI YA WALIO WACHACHE WAKATI WA FITINA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, Sala na Salamu zimshukie, somo hili lahusu mas-ala ambayo watu huyasahau siku za amani, na siku za vita hawayapatii nafasi. Nayo ni haki ya watu walio wachache katika mji unapoingiwa na fitina. Nani wa kuwasemea? Mwenye kutawala mara nyingi ndiye mwenye kuwadhulumu; kadhi huwa amezibwa mdomo; na askari kazi yake ni kutii amri. Hubakia watu wa mji wenyewe, maimamu na waalimu na wafanya biashara na wazee wa mitaa, pamoja na vyama vyao. Hao ndio watakaotajwa hapa, na mfano uliochukuliwa ni wa nchi ya Bosnia, kwa kuwa mambo yake yameandikwa kwa tarehe na kwa sahihi za watu, si khabari za kupokezana barazani.

Jambo hili si geni kwa maulamaa. Imamu al-Auzai, aliyefariki Beirut mwaka 157 wa Hijra (774), aliishi zamani za mwanzo wa dola ya Bani Abbas. Baadhi ya Wakristo wa Jabali Lubnani waliasi, na gavana Salih bin Ali akawapiga. Kisha akawafukuza katika vijiji vyao hata wale ambao hawakushika silaha. Al-Auzai hakuwa na askari hata mmoja. Alichokuwa nacho ni kalamu, akamwandikia gavana barua ya kumlaumu, akimbainishia kwamba haifai kuwatwaa wengi kwa makosa ya wachache, na kwamba watu wale wana ahadi, na ahadi ya Waislamu haivunjwi kwa ghadhabu. Barua hiyo imehifadhiwa na Abu Ubaid katika Kitabul Amwal, na hata leo wanafunzi wa fikihi huirejea. Basi msomaji aiweke akilini, maana yatakayofuata yote ni tawi la shina hilo.

Bosnia iko Ulaya, upande wa kusini mashariki. Waturuki waliifungua mwaka 1463, na wengi wa wenyeji wake wakasilimu kidogo kidogo. Wao hufuata madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, lakini katika mas-ala ya dhulma hapana khilafu baina ya Hanafi na Shafii. Pamoja nao wanakaa Waserbia, ambao ni Wakristo wa Kiorthodoksi, na Wakroatia, ambao ni Wakatoliki. Wako tena Mayahudi, ambao wazee wao walifukuzwa Hispania mwaka 1492 wakapokewa katika nchi za Sultani. Na wako Waroma, watu ambao Ulaya nzima huwadharau na kuwasukumiza pembezoni mwa miji. Katika Sarajevo, mji mkuu, mtu hutoka msikiti wa Gazi Husrev Bey akafika kanisa la Waorthodoksi, na la Wakatoliki, na hekalu la Mayahudi, kabla jasho halijamtoka.

Tarehe 6 Aprili 1941 majeshi ya Ujerumani na wenzake yaliingia nchi ya Yugoslavia. Siku nne baadaye ikatangazwa dola iliyoitwa Dola Huru ya Kroatia, na Bosnia ikatiwa ndani yake. Mkuu wake alikuwa Ante Pavelić, na chama chake kikiitwa Ustasha. Haukupita mwezi, tarehe 30 Aprili, zikatoka sharia za nasaba na damu: Myahudi na Mroma wakatolewa katika uraia. Waserbia wakakatazwa maandishi yao, wakafukuzwa, wakashurutishwa kubadili madhehebu, wakauawa kijiji baada ya kijiji. Mwezi wa Agosti ikafunguliwa kambi ya Jasenovac. Jumba la kumbukumbu ya mauaji ya Mayahudi lililoko Washington lakadiria kwamba waliouawa katika kambi hiyo peke yake ni baina ya watu 77,000 na 99,000.

Msomaji aangalie mpango wa mambo haya. Sharia ilitangulia, kisu kikafuata. Aliyekwisha kutolewa katika uraia hana mlango wa mahkama wa kubisha hodi. Na asiye na mahkama, mali yake huwa halali ya jirani na damu yake huwa nyepesi. Kwa hiyo mwenye kungoja mpaka aone maiti njiani ndipo aseme, amekwisha chelewa miezi minne.

Ama Waislamu, wao hawakutolewa uraiani. Waliambiwa kwamba wao ni Wakroatia wa dini ya Kiislamu, ndugu wa damu moja. Baadhi ya wakubwa wao wakapewa uwaziri, na jumba mashuhuri la duara la mji wa Zagreb likageuzwa msikiti, likafunguliwa mwaka 1944. Hapa ndipo mtihani ulipokuwa. Aliyepigwa hulia bila ya kufundishwa, na hapana fadhila katika kilio chake. Taabu ni ya yule aliyekirimiwa, akawekwa mbele, akapewa kazi na kilemba cha heshima, naye anasikia jirani yake akibebwa usiku. Wako Waislamu walioshindwa mtihani huo. Waliingia katika Ustasha, wakaua na kupora pamoja nao. Na mwaka 1943 maelfu ya vijana wakaandikwa katika jeshi la SS la Wajerumani. Kuyaficha haya hakuifai dini wala tarekhe.

Lakini iko jumuiya iliyoitwa El-Hidaje, yaani Uongofu, iliyoundwa na maulamaa wa Bosnia mwaka 1936. Haikuwa idara ya serikali. Ilikuwa chama cha waalimu na maimamu, kikitoa gazeti lake na kufanya mikutano yake. Miongoni mwa viongozi wake alikuwa Sheikh Mehmed Handžić, mzaliwa wa Sarajevo wa mwaka 1906, aliyesoma al-Azhar, kisha akawa mhifadhi wa vitabu katika maktaba ya Gazi Husrev Bey. Alifariki mwaka 1944, hajatimiza miaka arubaini. Tarehe 14 Agosti 1941, siku ambazo damu ilikuwa ikimwagika kweli kweli, mkutano mkuu wa jumuiya hii ulikata shauri la kuyakemea maovu hayo kwa maandishi. Ndipo miji ikafuata mmoja mmoja: Prijedor tarehe 23 Septemba, Sarajevo tarehe 12 Oktoba, Mostar tarehe 21 Oktoba, Banja Luka tarehe 12 Novemba, kisha Bijeljina na Tuzla mwezi wa Disemba. Karatasi ya Sarajevo ilitiwa sahihi na watu 108, maulamaa na wasomi na wafanya biashara, kila mmoja kwa jina lake.

Yafaa kuitazama karatasi hiyo ya Sarajevo kwa utulivu, maana ndiyo mafundisho. Haikuomba huruma. Ilidai salama ya roho, heshima, mali na dini kwa raia wote wa nchi. Ilitaka kila aliyefanya jeuri afikishwe mbele ya hukumu, awaye yote na dini yake iwayo yote. Ilitaka sharia isishikwe ila na wakuu wake wa halali na jeshi la kawaida, wala si na magenge. Ilitaka kukomeshwa chuki za dini, na waliopatwa na hasara wasaidiwe. Na juu ya hayo waliwakataa hadharani Waislamu walioshiriki, wakasema kwamba matendo ya wale si ya umma wa Kiislamu.

Jambo la kwanza katika maneno hayo ni lile neno "raia wote". Wangaliweza kuandika kwamba Waislamu wahifadhiwe na wengine Mungu atawajua. La pili ni kutaka hukumu hata kwa mwenzao. Mara nyingi watu hudai mahkama kwa adui na msamaha kwa ndugu; na huyo adui akiyaona hayo huijua mahkama kuwa ni silaha tu iliyopakwa rangi. Aya ya nane ya Suratul Maida, ambayo kila kijana wa chuoni ameihifadhi, yakataza chuki ya kaumu kuwa sababu ya kuacha uadilifu. Lakini kuihifadhi ni kazi ya miezi, na kuitia sahihi katika mji uliojaa askari wa Ustasha ni kazi nyingine. La tatu ni majina. Karatasi isiyo na jina huitwa uvumi, na mtawala huipuuza. Majina 108 ya watu wanaojulikana, ambao watoto wa mji wamesomeshwa nao na wanawake wa mji wameozeshwa nao, hayapuuziki. Serikali ilighadhibika, na waliotia sahihi wakatishwa.

Huenda mtu akasema: wale waliandika kwa khofu, si kwa ucha Mungu. Na kweli khofu ilikuwako. Katika baadhi ya karatasi hizo limo lalamiko kwamba watu wa Ustasha walikuwa wakivaa tarbushi wanapokwenda kuua, ili kisasi kiwaangukie Waislamu. Na kisasi kilikuja: wapiganaji wa Kiserbia walioitwa Chetnik waliwaua maelfu ya Waislamu wa mashariki ya Bosnia, khasa upande wa Foča na bonde la mto Drina. Jawabu lake lapatikana katika vitabu vidogo vya fikihi. Kurudisha amana na kuacha dhulma hakuhitaji nia ili dhima itoke. Nia yahitajiwa kwa thawabu. Aliyeokolewa na barua ile haulizi mwandishi alikuwa na nini moyoni.

Tena kazi hii ni fardhu kifaya, na watu wengi hulifahamu jina hili kwa maiti tu, kumuosha na kumswalia. Hukumu yake ni moja po pote: wakiifanya wa kutosha, dhambi huwaondokea wengine, ikiachwa, dhambi huwa ya mji mzima. Na hapo ndipo ilipo faida ya jumuiya. Mtu mmoja akisema peke yake hukamatwa usiku mmoja, na asubuhi hapana mwenye kuuliza. Jumuiya yenye daftari, yenye mkutano mkuu wa kila mwaka, yenye katibu na muhuri, yaweza kuita watu mia kwa siku moja. El-Hidaje haikuundwa mwaka 1941. Ilikuwapo kwa miaka mitano, ikishughulika na mambo madogo ya madrasa na magazeti. Lau ingalingoja fitina ndipo ijiunde, isingalipata hata nyumba ya kukutania.

Sasa inafuata khabari ya Waroma, nayo yataka uangalifu, maana ndani yake mna wema na mna ila. Katika Bosnia wako Waroma Waislamu waliokaa mijini tangu zamani, wakiitwa Waroma weupe. Serikali ilipoanza kuwaandikisha Waroma mwaka 1941, maulamaa na wasomi wa Sarajevo waliunda kamati ya kuchunguza, ikatoa hoja kwamba hao ni Waislamu kama Waislamu wengine, na kwamba kwa nasaba hawamo katika sharia ile. Mwezi wa Agosti wakasalimika. Mwezi wa Mei 1942 amri ya kuwakamata Waroma wote ikatoka tena. Waislamu wa Zenica wakaandika karatasi yao tarehe 26 ya mwezi huo, wakisema kwamba mwenye kumgusa Muislamu Mroma amewagusa wao. Na serikali ikawaacha wale Waroma weupe kwa mara ya pili.

Walioponea hapo ni wengi, na waliowaponesha watapata malipo yao kwa Mola. Lakini hoja iliyotumika ilikuwa ya kuwatoa watu fulani katika sharia mbaya, nayo sharia ikabaki imesimama. Waroma wa mahemani, ambao hawakuwa na msikiti wa kuwasemea wala mzee wa mtaa wa kuwadai, hawakuingia katika hoja hiyo. Waliswagwa kwa maelfu Jasenovac. Kamati ilifanya iliyoyaweza chini ya kisu, wala haipasi mtu aliyekaa kivulini kuilaumu. Hata hivyo tofauti yabaki: mwenye kusema "huyu ni wetu, mwacheni" amemwokoa mtu, na mwenye kusema "huyu ni mtu mwenye haki" ameiokoa hukumu. Karatasi ya Sarajevo ilisema la pili. Karatasi za Waroma zilisema la kwanza, kwa kuwa ndilo lililokubaliwa.

Na wako waliotenda bila ya karatasi. Derviš Korkut, mhifadhi wa vitabu katika Jumba la Makumbusho la Sarajevo, alikificha kitabu cha kale cha Mayahudi wakuu wa Kijerumani wasikichukue, na yeye na mkewe wakamhifadhi msichana wa Kiyahudi nyumbani mwao kama mtumishi wa Kiislamu. Mustafa na Zejneba Hardaga waliwaficha jirani zao Mayahudi, na nyumba yao i karibu na afisi za polisi wa Kijerumani. Hata hivyo, katika Mayahudi wapatao 10,000 waliokuwa Sarajevo kabla ya vita, wengi wao walipotea. Ihsani ya nyumba moja huokoa watu wa nyumba moja.

Miaka hamsini ikapita. Yugoslavia ikavunjika, na mwaka 1992 vita vikaingia Bosnia mara ya pili. Mji wa Prijedor, ule ambao Waislamu wake waliandika tarehe 23 Septemba 1941 kwa ajili ya jirani zao, ulishikwa na chama cha Waserbia. Tarehe 31 Mei 1992 ikatolewa amri katika redio: wasio Waserbia watundike shuka nyeupe madirishani, na watokao nje wafunge kitambaa cheupe mkononi. Kisha ikaja zamu ya kambi za Omarska, Keraterm na Trnopolje. Waliouawa na waliopotea katika wilaya hiyo ni zaidi ya watu 3,000, na 102 kati yao ni watoto. Milomir Stakić, aliyekuwa mkuu wa mji wakati huo, alihukumiwa na mahkama ya mataifa huko The Hague, na mwaka 2006 kifungo chake kikathibitishwa kuwa miaka 40. Waliotaka kusema katika mji ule hawakuwa na chama. Vyama vyote vilikuwa vimekwisha gawanywa kwa kabila.

Katika Sarajevo iliyozingirwa tangu Aprili 1992 hata Februari 1996, mambo yalikuwa mengine kidogo. Humo mlikuwa na jumuiya za sadaka za tangu zamani: Merhamet ya Waislamu, iliyoundwa mwaka 1913, na Caritas ya Wakatoliki, na Dobrotvor ya Waserbia. Na palikuwa na La Benevolencija ya Mayahudi, iliyoundwa mwaka 1892, ambayo Mayahudi wenyewe walikuwa wamekwisha kuwa wachache mno. Huo uchache ukawa baraka. Kwa kuwa hawakuwa upande wo wote wa vita, pande zote tatu ziliwaamini. Wakafungua jiko la kugawa chakula, na nyumba za kutoa dawa, na chombo cha redio cha kupeleka salamu kwa waliokatwa na jamaa zao. Kila mwenye haja alipewa, na waliofanya kazi humo walikuwa wa kila dini. Misafara yao 11 iliwatoa mjini zaidi ya watu 2,000, Mayahudi na Waislamu na Waserbia na Wakroatia ndani ya mabasi yale yale. Zejneba Hardaga, aliyewaficha Mayahudi ujanani mwake, alitolewa Sarajevo mwaka 1994 akiwa mzee, akapelekwa Yerusalemu kwa jamaa wa wale aliowaficha.

Baada ya vita iko kazi nyingine iliyofanywa na raia, nayo ni ya daftari. Watu walikuwa wakitaja wafu 200,000 na zaidi, kila upande ukiongeza wake. Jumuiya moja ya uchunguzi ya Sarajevo, ikiongozwa na Mirsad Tokača, ilikusanya majina mtu kwa mtu, wa kila kabila, ikapata zaidi ya 95,000. Wengine waliudhika kwa hesabu kupungua. Lakini jina lililothibiti lafaa mbele ya kadhi, na idadi ya kukisia haifai ila mimbarini.

Amani ilifanywa Dayton, Marekani, mwaka 1995, na katiba ikaandikwa ndani ya mkataba huo huo. Katiba hiyo yasema kwamba uraisi ni wa watu watatu: Mboshnia, Mkroatia na Mserbia. Katika Baraza la Makabila vimo viti 15, vitano kwa kila kabila la hayo matatu. Waliobaki wote wametiwa katika neno moja, "Wengine". Basi Mroma na Myahudi, ambao mwaka 1941 walitolewa uraiani kwa sharia ya nasaba, mara hii wamepewa uraia, wakapewa na kura, ila cheo cha juu hawakigombei, na sababu ni nasaba.

Watu wawili waliikataa hali hiyo. Mmoja ni Dervo Sejdić, Mroma. Wa pili ni Jakob Finci, Myahudi, aliyezaliwa mwaka 1943 katika kisiwa cha Rab, wazee wake walipokuwa wamezuiliwa katika kambi ya Waitaliani, na ambaye siku za mazingiwa alikuwa miongoni mwa viongozi wa La Benevolencija. Finci aliuliza kwa barua kama aweza kugombea, na mwezi wa Januari 2007 tume ya uchaguzi ikamjibu kwa maandishi kwamba hawezi, kwa kuwa ni Myahudi. Jawabu hilo ndilo lililompa ushahidi. Wakashtaki katika Mahkama ya Ulaya ya Haki za Binadamu huko Strasbourg, na tarehe 22 Disemba 2009 ikahukumiwa kwamba wamebaguliwa. Mwaka 2014 mahkama hiyo hiyo ikampa haki Azra Zornić, mwanamke wa Bosnia aliyekataa kujinasibisha na kabila lo lote, akasema kwamba yeye ni raia, basi. Hadi mwaka 2024 katiba ilikuwa haijabadilishwa katika jambo hilo, na mtu atakaye uraisi alikuwa bado huulizwa kabila lake kwanza.